Barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni za muziki: mkimkata mwanamuziki sauti, tuambieni

Kwa Wakurugenzi Wakuu na Wahariri wa Vipindi,
Vituo vya televisheni vinavyorusha matamasha ya muziki wa roki,
New York, London na kwingineko.

Waheshimiwa,

YAH: KUONDOLEWA KWA MANENO YA KISIASA KATIKA MAONYESHO YA ROKI BILA WATAZAMAJI KUJULISHWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kutoka Morogoro, Tanzania, nikiwa mtazamaji wenu wa miaka mingi ambaye hulipia king'amuzi kila mwezi, na mpenzi wa muziki wa roki tangu ujana wangu. Sikupenda kuandika hadharani. Nimeandika faraghani mara tatu, na kwa kuwa sikupata jibu lenye maana, nimeona afadhali jambo hili walisome pia wale wanaotazama kama mimi.

Agosti mwaka jana, usiku wa Jumamosi, nilikuwa nikitazama tamasha lililorushwa mubashara na kituo kimoja cha muziki. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu mwenendo ninaoulalamikia ni wa vituo vingi na nia yangu si kukiaibisha kimoja. Bendi ilipomaliza wimbo wa tatu, mwimbaji alisogea kwenye maiki, akasubiri kelele zipungue, akaanza kuzungumzia vita inayoendelea na silaha ambazo serikali ya nchi yake inaziuza. Hakuwa amemaliza sentensi ya pili sauti ilipotoweka. Picha ikaondoka jukwaani na kuonyesha umati kutoka juu, vijana wakirukaruka na bendera zikipepea, nami kwa muda wa dakika nzima nikawa nahangaika na nyaya nikidhani kosa liko nyumbani kwangu. Sauti iliporudi, gitaa lilikuwa limekwisha kuanza wimbo mwingine.

Siku mbili baadaye mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake video iliyopigwa na mtu aliyekuwa ndani ya umati ule. Mwimbaji hakutukana, wala hakumtakia mtu yeyote mabaya. Aliiomba serikali yake iache kuuza silaha, kisha akauomba umati unyamaze kidogo kwa ajili ya waliokufa, na umati ukanyamaza kweli, maelfu ya watu wamesimama kimya na mikono yao chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale vijana niliowaona wakirukaruka walichukuliwa kutoka dakika nyingine ya tamasha na kubandikwa juu ya dakika ile ya maombolezo.

Barua pepe yangu ya kwanza ilijibiwa na mashine. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili kwamba kulitokea hitilafu ya mitambo. Ya tatu niliiandika baada ya kutazama marudio ya kipindi hicho, ambamo mwisho wa wimbo wa tatu ulikuwa umeunganishwa na mwanzo wa wimbo wa nne pasipo hata alama ya mshono, na nikauliza ni hitilafu gani hiyo inayojua kujishona yenyewe. Hiyo ya tatu haijajibiwa hadi leo.

Huenda mkajiuliza kwa nini mtu wa Morogoro ajali sentensi mbili zilizosemwa ng'ambo. Nitawaeleza, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wangu wote. Nililelewa si mbali na Mazimbu, mahali ambapo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, na ambapo vijana waliokimbia utawala wa makaburu walisoma kuanzia mwaka 1978. Kanda yangu ya kwanza ya roki niliazimwa na mmoja wa vijana hao. Kwao, na kwetu tuliokuwa tukicheza nao mpira, muziki na kudai haki havikuwa vitu viwili ambavyo mtu angeweza kuvitenganisha kwa mkasi.

Tarehe 11 Juni 1988 lilifanyika tamasha kubwa katika uwanja wa Wembley, London, kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye siku hiyo alikuwa bado mfungwa. Walipiga Dire Straits, Simple Minds, Peter Gabriel, Stevie Wonder, Whitney Houston na wengine wengi mbele ya watu zaidi ya 70,000. Nyuma ya tamasha hilo ilikuwapo harakati ya kupinga ubaguzi wa rangi iliyoanzia kwenye mkutano wa London wa tarehe 26 Juni 1959, ambapo miongoni mwa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, na rais wake mwaka huo wa 1988 alikuwa Trevor Huddleston, ambaye wazee wa Masasi wanamkumbuka kama askofu wao wa miaka ya sitini. Kwa hiyo tamasha lile, ingawa lilikuwa London, lilikuwa pia la kwetu.

Uingereza, BBC ililirusha karibu lote, licha ya wabunge wa chama tawala kulalamika. Marekani, mtandao wa Fox ulilirusha likiwa limepunguzwa, maneno mengi ya kisiasa yameondolewa, na kwa jina jipya lililolifanya lionekane kuwa sherehe ya uhuru kwa jumla. Steven Van Zandt, mpiga gitaa aliyekuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani na ambaye miaka mitatu kabla ya hapo aliwakusanya wanamuziki kupinga maonyesho ya Sun City, mji wa starehe ndani ya Afrika Kusini ya makaburu, alilalamika hadharani. Fox si kituo cha muziki, nalijua hilo, lakini ninautaja mfano huu kwanza kwa sababu unaonyesha hasara ilivyo.

Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na habari za Wembley tulizipata kwa redio. Binamu yangu alikuwa masomoni Marekani, akalitazama tamasha kwenye televisheni ya huko, na tulipokutana miaka mingi baadaye tukaanza kulikumbuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona kwa kanda ndefu iliyotoka Uingereza. Yeye alikumbuka nyimbo, mavazi na hali ya hewa. Hakukumbuka mtu yeyote kueleza kwa nini mwenye sherehe hakuwapo. Ni mtu msomi na msikivu. Hakusahau: hakuonyeshwa. Na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba aliona kile nilichokiona mimi.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mnakata bila kusema kwamba mmekata. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kama barua hii ingekuwa na mstari mmoja tu, ungekuwa huu. Gazeti likizuiwa kuchapa habari na kuacha nafasi nyeupe, msomaji huiona nafasi ile na kujua kwamba kuna kitu kimeondolewa. Ninyi hamwachi nafasi nyeupe. Mnaijaza kwa picha ya umati unaoshangilia, na mtazamaji hulala akiwa na hakika kwamba ameona tamasha zima. Kumnyima mtu habari ni jambo moja. Kumpa habari ya uongo kuhusu kilichotokea jukwaani ni jambo jingine, na zito zaidi.

2. Mnabadilisha kumbukumbu. Tarehe 3 Oktoba 1992, katika Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho na muziki cha televisheni ya NBC ya Marekani, mwimbaji wa Ireland Sinéad O'Connor aliimba peke yake bila ala wimbo wa Bob Marley ambao maneno yake yalitokana na hotuba ya Mfalme Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963, na mwishoni akaichana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili, akipinga watoto kudhulumiwa ndani ya Kanisa. Wengi walichukizwa, na nawaelewa. Mimi mwenyewe nililelewa kuiheshimu picha ile. Lakini angalieni kilichofuata. Kipindi kiliporudiwa, kituo kiliweka mahali pake onyesho la mazoezi, ambamo alishika picha ya mtoto na hakuchana kitu. Yaani mwanamke huyo alifanya jambo mbele ya mamilioni ya watu, kisha televisheni ikaonyesha kwamba hakulifanya. Mwaka 2009 tume ya uchunguzi nchini Ireland ilitoa ripoti ndefu juu ya mateso waliyopata watoto katika shule na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya kitawa. Kijana aliyetazama marudio yale hangeweza kujua kwamba kulikuwapo mtu aliyelisema mapema na kwa gharama kubwa.

3. Mnawaadhibu wanamuziki kwa sababu ya alama wanazoonyesha, si kwa sababu ya maneno peke yake. Tarehe 13 Aprili 1996, katika kipindi hichohicho, Rage Against the Machine walitundika bendera za Marekani juu chini kwenye spika zao, usiku ambao mwendesha kipindi alikuwa Steve Forbes, tajiri aliyekuwa ametoka kuwania tiketi ya urais. Wafanyakazi walizishusha kabla ya wimbo kuanza, wimbo wa pili ukafutwa, na bendi ikaambiwa iondoke kwenye jengo. Mtazamaji wa nyumbani aliona bendi ikipiga wimbo mmoja badala ya miwili, basi.

4. Vita inapoanza, mnaiona kila sauti inayoipinga kuwa ni ukosefu wa adabu. Machi 2003, Iraki ilipovamiwa, MTV ya Ulaya, televisheni ya muziki, ilisambaza waraka wa ndani ukishauri kwamba video zenye askari, ndege za kivita, mabomu au ghasia zisionyeshwe. Miongoni mwa zilizotajwa ilikuwamo video ya bendi ya System of a Down iliyoongozwa na mtengeneza filamu Michael Moore, ambayo iliwaonyesha watu wa miji mbalimbali walioandamana tarehe 15 Februari mwaka huo wakiomba vita isianze. Hata bendi ya The B-52's iliingizwa kwa sababu tu jina lake linafanana na la ndege ya kudondosha mabomu. Nakubali kwamba familia yenye mtoto vitani inastahili kuonewa huruma. Lakini video ya waandamanaji haikuwa ikishangilia kifo cha mtoto wa mtu. Ilikuwa ikiomba asipelekwe. Kuiweka kapu moja na picha za milipuko ni kukataa kusikiliza inasema nini.

5. Anayekata hajulikani. Tarehe 5 Agosti 2007, Pearl Jam walipokuwa wakipiga katika tamasha la Lollapalooza mjini Chicago, kampuni ya AT&T iliyokuwa ikilirusha kwa intaneti ilizima sauti kwenye mistari miwili iliyomlenga Rais George W. Bush. Bendi ilipolitangaza jambo hilo, kampuni ilisema ni kosa la mkandarasi aliyepewa kazi ya kuchunga lugha, na baadaye ikakiri kwamba haikuwa mara ya kwanza. Laiti bendi hiyo ingekuwa ndogo, isiyo na tovuti yenye wasomaji wengi, tusingejua lolote. Ni wangapi waliokatwa ambao hawakuwa na pa kusemea?

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeyasoma yakitolewa kwa wengine, nami nayajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Mtasema kwamba ninyi ni vituo vya burudani na siasa ina vituo vyake. Ingekuwa hivyo kama mngewaalika waimbaji wasio na msimamo. Lakini mnawaalika hawahawa, mnaitumia hasira yao katika matangazo ya kuuza kipindi, na kila inapofika kumbukumbu ya mwaka fulani mnatuonyesha picha za wanamuziki wa zamani walioipinga vita ya Vietnam na kuwaita mashujaa. Hamwezi kuuheshimu upinzani wa babu na kuuzima wa mjukuu jukwaa lilelile.

Mtasema sheria inawabana. Kwa Marekani, masharti ya tume ya mawasiliano, FCC, kuhusu lugha chafu na mambo ya aibu yanagusa redio na televisheni za hewani, na kwa saa maalumu za mchana na jioni. Televisheni za kebo haziguswi nayo. Na hata hizo za hewani, hakuna sharti linalozikataza kumwacha mwimbaji aikosoe serikali. Kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache ili mtu awahi kubonyeza kitufe cha kukata, jambo lililoshika kasi baada ya fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, ya Februari 2004, ambako titi la mwimbaji Janet Jackson lilionekana hewani, kulielezwa kuwa ni kinga dhidi ya uchi na matusi. Sikuwahi kuambiwa, wala mwanamuziki yeyote hakuambiwa, kwamba kitufe hichohicho kingetumika kuzuia maoni.

Mtasema pia kwamba kituo ni mali yenu na mna haki ya kuchagua. Hapa nakubaliana nanyi kabisa. Mna haki ya kutomwalika mtu. Mna haki ya kuirusha bendi hii na kuiacha ile, na haki ya kutangaza kwamba hamkubaliani na alichosema. Haki msiyokuwa nayo ni ya kuuza kitu kwa jina la onyesho mubashara ilhali si mubashara wala si onyesho lile.

Liko jibu moja lenye nguvu zaidi, nalo sitalikwepa. Katika tamasha la Glastonbury, tarehe 28 Juni 2025, BBC ilirusha mubashara onyesho la wanamuziki wawili wa Uingereza wanaojiita Bob Vylan ambamo uliongozwa wito wa kulitakia kifo jeshi la Israeli. Lawama zikawa nyingi, na shirika likatangaza kwamba maonyesho yenye hatari kubwa hayatarushwa tena mubashara. Siku hiyohiyo lilikuwa limeamua kutowarusha Kneecap, kundi la rapu la Ireland, mubashara, likaliweka onyesho lao baadaye kwenye huduma yake ya intaneti. Wito wa kifo kwa mtu yeyote siutetei, na mhariri anayesita mbele yake simlaumu. Lakini BBC ilifanya uamuzi wake mchana kweupe, watu wakaujua, wakabishana nao, wengine wakaukataa. Hivyo ndivyo ninavyowataka ninyi mfanye. Ninachohofia ni kwamba neno "hatari" litatanuka kidogo kidogo hadi limfunike pia yule mwimbaji wangu wa Agosti, ambaye hakuomba kitu zaidi ya kimya cha dakika moja.

Tena, kubadilika kunawezekana. Mwaka 1988 MTV ilikataa kuonyesha video ya mwanamuziki wa roki Neil Young iliyowakejeli wanamuziki wanaojiuza kwa makampuni ya vinywaji. Naye aliandika barua ya wazi, kali kuliko hii yangu. Baadaye MTV iliionyesha video hiyo, na mwaka 1989 ikaipa tuzo ya video bora ya mwaka. Anga halikuanguka, na wadhamini hawakuhama.

Basi naomba mambo manne, na nimejitahidi yawe ambayo mnaweza kuyatekeleza bila kununua mtambo hata mmoja. Kwanza, kila mnapokata sauti au picha ya mwanamuziki kwa sababu yoyote isiyo hitilafu ya kweli, wekeni maandishi kwenye kioo, wakati huohuo na katika kila marudio, yanayosema kwamba sehemu ya onyesho imeondolewa na kituo. Pili, tangazeni kanuni mnazozifuata, mkitenganisha matusi na maoni ya kisiasa, na mtaje ni ofisi gani inayoshika kitufe, hata kama kazi imekabidhiwa mkandarasi. Tatu, mwanamuziki aambiwe kabla hajapanda jukwaani kwamba anaweza kukatwa na kwa lipi, na akikatwa apewe nakala kamili ya onyesho lake. Nne, rekodi kamili zihifadhiwe, zisifutwe wala kufinyangwa upya, ili atakayekuja kuandika historia ya muziki huu miaka 30 ijayo aone kilichotokea.

Kwa kituo kilichorusha tamasha la Agosti, ambacho kinajijua, ombi langu la ziada ni kwamba dakika ile iliyoondolewa irudishwe mahali pake, na marudio yajayo yaonyeshwe yakiwa kamili. Niko tayari kutoa tarehe, saa na nakala za barua zangu zote tatu.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 60. Yakija, nitayachapisha hapahapa kama yalivyo, bila kukata neno.

Wenu,

Mtazamaji,
Morogoro, Tanzania.

Nakala: Kwa wanamuziki wote waliowahi kusikia kutoka kwa watazamaji, baada ya kushuka jukwaani, kwamba sauti zao hazikufika nyumbani.